Maskini Mwenye Magari Mawili

Mimi si mtu wa kusifu ovyo. Waulize majirani zangu hapa mtaa wa Mkomani, kisiwani Amu, watakwambia kwamba Bi Mahfudha akila biriani yako akanyamaza, basi umepika vizuri. Lakini ile tamthilia ya shamba la kahawa naisifu, na nitaisifu mpaka nizikwe, ingawa iliniumbua ndani ya nyumba yangu, mbele ya wageni wangu, kwenye runinga niliyoinunua kwa pesa zangu mwenyewe.

Tuliitazama kila siku baada ya sala ya alasiri, isipokuwa Ijumaa. Kijana wa duka la simu alitutilia sehemu zote mia na ishirini kwenye flashi moja ndogo kama ukucha. Ilitoka nchi moja ya Amerika ya Kusini, watu wake wanasema lugha ambayo hakuna hapa Amu anayeijua, na chini ya picha maandishi ya Kiingereza yanapita mbio. Kati ya wanawake sita saba waliokuja kwangu, aliyeweza kuyafuata ni mmoja tu, Mwalimu Kadija, aliyesomesha shule ya msingi miaka thelathini kabla ya kustaafu. Basi yeye alikuwa akikaa karibu na runinga, miwani puani, anatutafsiria kwa Kiamu chetu.

Nasema kutafsiri kwa kukosa neno lenyewe. Baba akizungumza, Kadija alitoa sauti ya kifuani mpaka vikombe vikatikisika. Binti akilia, Kadija alilia. Wapenzi wakikaribiana sana, alivua miwani akaifuta kwa pembe ya leso mpaka mambo yaishe, kisha akasema, "Wameamkiana." Tukimuuliza mbona wameamkiana muda mrefu hivyo, alijibu kwamba kwao ndiyo desturi.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Luzia, binti wa mwenye shamba, mweupe kama tui la kwanza, alimpenda daktari wa mji ule, kijana mweusi mrefu, mpole, mwenye mikono mizuri sijapata kuona. Baba mtu, ambaye sisi tulimwita Mzee Kofia kwa vile hakuivua hata mezani, hakutaka. Na kwa nini hakutaka? Kwa mujibu wa Mwalimu Kadija, ni kwa sababu daktari alikuwa maskini.

Mimi jambo hilo lilinikera tangu sehemu ya tatu.

"Maskini gani huyu mwenye magari mawili?" niliuliza.

"Ya hospitali hayo," alijibu Kadija bila kugeuka.

"Na nyumba ile ya ghorofa?"

"Amepanga."

"Na saa ya dhahabu?"

"Bi Mahfudha, watazama au wafanya sensa?"

Chumba kizima kilicheka, na aliyecheka zaidi ni Barka. Barka anakaa Langoni, upande wa pili wa mji. Hakukosa hata siku moja, na akija huja na ukili wake wa mkeka, akisuka huku anatazama, vidole vinakwenda vyenyewe. Tunajuana tangu ujana. Nilipomzaa Lubna, binti yangu wa pekee, Barka ndiye aliyenikanda siku arobaini, akamkanda na mtoto. Nilipofiwa na mume wangu, Barka alilala kwangu mpaka eda ikaisha. Ukiniuliza rafiki yangu ni nani, ningemtaja yeye kabla ya ndugu zangu wa tumbo moja.

Lakini kuna jambo, na hapa Amu jambo hilo hulijua kila mtu na halisemwi na yeyote. Bibi mzaa bibi yake Barka alikuwa wa shamba la babu zetu, kule bara. Nasema "alikuwa wa shamba" kwa vile ndivyo tunavyosema. Neno lenyewe tunalizunguka kama watu wanavyozunguka kisima kisicho na mfuniko.

Kadija alilijua hilo. Leo ndipo ninapofahamu alichokuwa akikifanya pale mbele ya runinga. Kila Mzee Kofia alipotamka kwa Kiingereza cha maandishi kwamba mweusi hataingia kwenye ukoo wake, Kadija alimeza neno na kutoa "maskini", kwa sababu Barka alikuwa ameketi hatua tatu nyuma yake.

Hata hivyo tamthilia ilikuwa tamu. Nyingine ninazozijua, mpenzi ni malaika na mkwe ni shetani, na ukishaona sehemu mbili umeziona zote. Hii waliitunga watu wenye macho. Kulikuwa na mjane wa miaka sitini aliyeolewa na mpishi wake, kijana wa arobaini. Sisi tukaanza kumcheka, lakini kufikia sehemu ya thelathini tulikuwa tukimwombea dua. Kulikuwa na fundi viatu kiziwi na mkewe, wakigombana kwa mikono, na wao wakizungumza Kadija hakuwa na kazi, maana tulifahamu kila kitu. Siku fundi alipomwomba mkewe radhi kwa vidole vilivyojaa gundi, Barka aliacha kusuka.

Na Mzee Kofia! Huyo ndiye aliyenishangaza zaidi. Nilitaka kumchukia, lakini watungaji hawakunipa nafasi. Alikuwa mtu wa ibada, mwenye kicheko. Alimpenda binti yake mpaka akimenya chungwa humpa yeye kipande cha kwanza. Wafanyakazi wake wakiugua, huwapelekea supu kwa mkono wake. Nilikuwa nikisema, masikini ya Mungu, mzee huyu hana ubaya, ni vile tu hataki binti yake ateseke na ufukara.

Tulikuwa tumefika sehemu ya thelathini na kitu hivi ilipoletwa posa ya Lubna.

Mposaji alikuwa Shuaib, mtoto wa Barka. Ni muuguzi kwenye zahanati ya Mkokoni, kijana wa swala tano. Walikuwa wamependana na Lubna wakati Lubna akisomea ualimu wa chekechea kule Mombasa. Barka alifuata ada kama inavyotakiwa. Alimtuma ndugu yake na mzee mmoja wa msikitini wakaenda kwa kaka yangu Abdulqadir, ambaye ndiye walii wa Lubna, msimamizi wake wa ndoa, tangu baba yake afariki. Kaka yangu akaja kwangu kuniuliza. Yeye huitikia kwa kichwa kwenye vikao, lakini neno ni langu.

Nilimwambia, "Wajibu kwamba mwana bado yuko masomoni."

Sasa sikiliza ujinga wangu. Lubna alikuwa amemaliza masomo. Wiki tatu kabla ya hapo tulifanya karamu ya cheti chake, pilau sufuria mbili, na aliyeuosha ule mchele, aliyesimama kwenye moshi tangu alfajiri, ni Barka. Nilimpelekea mpishi wa karamu habari kwamba karamu haijafika.

Lakini hapa kwetu uongo wa adabu una heshima yake. Ukiambiwa binti anasoma, huulizi anasoma nini. Barka aliupokea. Kesho yake alasiri alikuja kama kawaida, akasalimu, akakaa, akatoa ukili. Mimi nikashusha pumzi, nikamshukuru Mungu kwamba rafiki yangu ana akili. Lubna hakusema neno, ila alianza kunipa chai bila kunitazama usoni, na kwa binti yangu huo ni ugomvi mkubwa. Miezi miwili ikapita hivyo, na Shuaib kule Mkokoni akiambiwa angoje.

Kisha Mwalimu Kadija akapoteza sauti.

Ilikuwa mafua tu, lakini mtu alikuwa hatoi hata mnong'ono. Alikaa kwenye kiti chake na kikombe cha tangawizi, akifanya ishara za mikono kama fundi viatu. Na siku yenyewe ilikuwa ya sehemu ya themanini na saba, ambapo daktari anakwenda mwenyewe kwa Mzee Kofia kumposa Luzia. Nani angekubali kungoja? Nikamwita Lubna kutoka jikoni.

"Njoo utusomee."

Lubna alimtazama Kadija. Kadija alitikisa kichwa, akatikisa tena kwa nguvu zaidi, akaonyesha runinga izimwe. Mimi nikakasirika. Nilidhani anaona wivu kwamba kiti chake kimepata mtu mwingine.

"Soma," nilimwambia Lubna. "Tena soma kama ilivyo, usitupunguzie kitu."

Lubna akanitazama usoni. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi miwili.

"Kama ilivyo, mama?"

"Kama ilivyo."

Hakutoa sauti za kifuani wala hakulia. Alisoma kwa sauti yake ya kawaida, polepole, na picha zikisema zenyewe. Mzee Kofia alimpokea daktari vizuri sana. Alimkalisha kwenye kiti cha ngozi, akammiminia kahawa kwa mkono wake. Alimsifu kazi yake, akamsifu adabu yake.

"Mwezi uliopita ulinambia Luzia ni mgonjwa," Lubna alisoma maneno ya daktari. "Mzee, mimi ni daktari. Naomba sababu nyingine."

Mimi nilicheka. Kicheko kilinitoka kabla sijafikiri. Nilisikia kwamba nimecheka peke yangu.

Kisha Mzee Kofia aliivua ile kofia, kwa mara ya kwanza tangu tuanze kumjua, akaiweka mapajani. Lubna akasoma: "Wewe una elimu kunishinda. Una nyumba kunishinda. Ungalikuwa mwingine, leo hii ningekupa mkono. Lakini wewe ni mweusi, na bibi yako alizaliwa katika shamba hili, na hakuzaliwa huru. Alikuwa mtumwa wetu. Watu wangu nitawaambia nini?"

Hapakuwa na muziki wala mtu aliyetupa glasi. Mzee alisema maneno yale kwa upole, kama mtu anayekunyima mwavuli kwa sababu anao mmoja tu. Daktari alimaliza kahawa yake, akasimama, akasema ahsante. Wallahi, waliotengeneza kile kipande ni mafundi. Walijua kwamba ubaya wa namna hiyo haupigi kelele, unakaa sebuleni na kumimina kahawa.

Wanawake wote walikuwa wakitazama runinga, maana hakuna aliyethubutu kutazama nyuma. Nyani haoni kundule, lakini siku ile nililetewa kioo. Miezi yote nilimwonea huruma mzee yule nikidhani anaogopa ufukara, kumbe nilikuwa nikimwonea huruma Mahfudha.

"Endelea, mwanangu," alisema Barka. "Haiyesha bado."

Lubna akaendelea mpaka mwisho. Ilipokwisha, Barka alikunja ukili wake, akasogea mpaka kwenye kiti cha Kadija, akamshika bega.

"Mwalimu, nalikuwa nikiyua," alisema. "Kiingereza sina, lakini mato ninayo. Mtu mweusi, mtu mweupe, baba yuwakataa, maskini ni wapi hapo? Sehemu themanini umenifunika nisipigwe na baridi. Mola akulipe."

Kadija alikuwa akilia kimya kimya.

Barka alivaa buibui lake akatoka. Nilimfuata mpaka dakani, pale kibarazani mbele ya mlango, tukasimama kwenye mawe mimi na yeye tu.

"Barka," nilisema, "Lubna amemaliza masomo."

"Nayua. Mtele niliuosha mimi."

"Sababu haikuwa masomo."

"Basi iseme."

"Si unaijua."

"Nayua ya Mzee Kofia. Yako siyaisikia."

Watu walikuwa wakipita kwenda msikitini. Nilingoja wapite. Kisha nikasema. Nilisema kwamba nilimkataa Shuaib kwa sababu ya bibi yao, kwa sababu alikuwa mtumwa wa babu zangu, na kwa sababu niliogopa wake wa mtaani kwetu watasema damu yetu imeteremka. Nililitaja neno lile lote, kwa mdomo wangu, na halikuniua.

Barka alinisikiliza mpaka mwisho. Hakulia wala hakufoka.

"Miezi miwili," alisema, "nampigia mwanangu simu, namwambia usitie shaka, mwana yuwasoma. Nimemdanganya mwanangu kwa ajili ya kukufita wewe, asikuone ulivyo. Leo nimepata jawabu langu."

"Nisamehe. Ilete posa tena, kesho. Nitaipokea mimi mwenyewe."

"La," alisema. "Posa yangu haiyi mara mbili. Ukimtaka mwanangu, ndia ya Langoni waiyua." Akaenda zake.

Asubuhi yake nilimwita kaka yangu. Abdulqadir ni mtu mwema, ila moyo wake ni wa kuku. Aliposikia ninalotaka kufanya alikaa chini. Akaniuliza habari za kufu, yaani kwamba mume awe sawa na mke kwa ukoo. Nikamuuliza kati yake na Shuaib ni nani aliyeukosa msikiti wiki ile. Akasema hata hivyo haijapata kuonekana Amu, upande wa mke kwenda kuposa mume.

"Bibi Khadija, radhi za Mungu ziwe juu yake, alingoja kuposwa?" nilimuuliza. "Au alimpelekea Mtume ujumbe yeye mwenyewe?"

Akasema tu, "Basi mimi idhini nimetoa." Nikamwambia ahsante, nikaenda kwa Lubna. Alikuwa akifua. Nilimuuliza kama bado anamtaka Shuaib, akasema anamtaka, na povu limemjaa mpaka viwikoni. Nikamwambia nakwenda kumwombea. Alinikumbatia na maji yake yote, nikalazimika kubadilisha nguo.

Nilimchukua Mwalimu Kadija na sahani ya halua, tukashika njia kuu saa nne ya asubuhi, punda wakipita na mawe ya ujenzi, maduka yote wazi. Ningeweza kupita vichochoro vya nyuma. Sikutaka. Kila tulipoulizwa tunakwenda wapi, nilijibu, "Langoni, kuposa." Bi Huwaida wa duka la kanga aliniuliza mara mbili, nikamjibu mara mbili. Kadija, ambaye sauti ilikuwa imeanza kumrudia, alikuwa akicheka kama kengele iliyopasuka.

Kwenye mlango wa Barka nilipiga hodi, nikaita, "Bi Barka!" Hapo ndipo nilipojisikia. Miaka thelathini yeye ananiita Bi Mahfudha, na mimi sikupata kumwita ila Barka tu.

Alitukaribisha, akatukalisha, akatutolea kahawa na tende. Nikasema nilichokwenda kusema: mimi Mahfudha, mama yake Lubna, kwa idhini ya kaka yangu, nimekuja kumwomba Shuaib amwoe binti yangu, ikiwa bado anaridhia, na ikiwa mama yake anaridhia.

Nilidhani atanikumbatia. Tumezoea tamthilia. Barka alizungusha kikombe chake.

"Mmekuya vema," alisema. "Lakini nami nina wazee wangu. Nina ndugu Kipungani, nina ami Pate. Sina budi niwaulize kama nyinyi mwatufaa."

Kadija alipaliwa na kahawa. Mimi nilisema, "Ndiyo, haki yenu," na ndivyo nilivyotoka pale.

Siku kumi na moja nilingoja. Alasiri watu walikuja kwangu kama kawaida, Barka naye akaja, akasuka, akatazama. Kadija sasa alitafsiri bila kufunika kitu, na tamthilia ikazidi utamu, maana tulianza kubishana nayo. Siku Luzia alipomwambia baba yake kwamba haombi ruhusa ya kumpenda daktari, anaomba tu baba asiukose utu wake, tulikirudisha nyuma kile kipande mara tatu. Lakini posa Barka hakuigusa, nami sikuthubutu kuuliza. Ndani nilikuwa nikiungua. Nililala nikihesabu makosa ya ukoo wetu, na sikujua kwamba ni mengi hivyo: mjomba aliyedhulumu mayatima, babu aliyeacha wake wanne bila chakula, mimi na ulimi wangu. Sijawahi katika maisha yangu kujiuliza kama tunamfaa mtu. Siku zile nilijiuliza kila nilipotia udhu.

Siku ya kumi na mbili alikuja asubuhi, peke yake. Hakutaka kahawa.

"Wazee wameuliza habari zenu," alisema.

"Wamesemaje?"

"Lubna hana ila. Kaka yako wamesema ni mtu mwema. Wewe ndiwe waliyekusitia."

"Kwa nini?"

"Kwa kiburi. Ami yangu wa Pate alisema, mwanamke yule atamnyanyasa kijana wetu."

Sikubisha. Ningebisha nini? Nikamwona Lubna wangu akifua nguo uani maisha yake yote.

"Nikawaambia," alisema Barka, "mimi namyua huyo. Ulimi wake ni mkali na wa kwanza kuchomwa nao ni yeye mwenyewe. Nikawaambia alikuya kwa miguu yake, mtana, kwa ndia kuu. Wakaniuliza, wamdhamini? Nikasema namdhamini. Basi wameridhia, kwa dhamana yangu."

Bibi mzaa bibi yake hakuwa na haki ya kumdhamini hata mtoto wake mwenyewe mbele ya babu zangu. Nikaushika mkono wake wa kulia nikaubusu, kama tunavyobusu mkono wa aliyetuzidi, nikalia nao usoni pangu.